Kuchunga kwa Simu: Jumuiya ya Kikristo Mtandaoni Hujengwa na Nini?

Machi 2020, Kenya ilipofunga nyumba za ibada kuzuia korona isisambae, wachungaji wengi walijikuta wakihubiri mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye rundo la vitabu. Makanisa makubwa ya mjini, yenye kamera na mafundi mitambo, yalihamia YouTube bila kutokwa jasho. Ya vijijini na ya mitaa ya mabanda yalimtegemea kijana mmoja mwenye simu nzuri na bando la kuchangiwa. Julai yaliporuhusiwa kufunguliwa tena, masharti yalikuwa makali: waumini wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Kwa hiyo wazee wa kanisa, wale wanaojua nani ni mtoto wa nani na nani hajapona tangu Pasaka, ndio waliobaki nje.

Mjadala uliofuata, Kenya na hata Tanzania ambako makanisa hayakufungwa, umeegemea zaidi upande wa vifaa: kamera gani inunuliwe, taa ziwekwe wapi, kichwa gani cha mahubiri kitavuta watu. Huko ndiko mjadala ulikopotea njia. Kurusha ibada ni kazi ya fundi, na mafundi wapo. Swali gumu ni la mchungaji: mtu asipoonekana, nani atajua? Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha jumuiya na hadhira, kanisani na mtandaoni vilevile, na ndilo nitakalolitumia kupimia njia zinazotumika sasa.

Kanisa halikuanza leo kuchunga watu lisiowaona kwa macho. Paulo alipowaandikia Wakristo wa Rumi alikuwa hajafika mjini kwao, lakini sura ya 16 ya waraka ule imejaa majina: huyu alifanya kazi kwa bidii, wale walihatarisha shingo zao, na kanisa hukutana nyumbani mwao. Barua yenyewe inamtaja Fibi wa Kenkrea na kuomba apokewe vizuri. Kwa Wakolosai aliagiza waraka wao usomwe pia Laodikia, nao wausome wa kule. Na mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohana anasema mwishoni kwamba anayo mengi, ila hataki kuyamaliza kwa karatasi na wino. Anatumaini kufika wazungumze ana kwa ana. Chombo cha mbali kilitumika kwa nguvu zote, na bado mtumiaji alijua mpaka wake.

Karne ya 20 ilileta redio. Mwaka 1963 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifungua kituo cha Sauti ya Injili mjini Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vikawa vinatayarishwa Moshi. Kituo kile kilitaifishwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwaka 1977. Waadventista nao walikuwa na Sauti ya Unabii na masomo yake ya Biblia kwa njia ya posta. Nawakumbusha wasomaji vijana kwamba msikilizaji wa wakati ule aliandika barua, akabandika stempu, akangoja. Jibu lilikuja likiwa na jina lake. Lile jibu ndilo lililomfanya mtu wa kijijini, ambaye hajawahi kumwona mtangazaji, aseme kwa uhakika kwamba yuko na wenzake. Redio ambayo haikujibu barua ilibaki redio tu.

Halafu kuna urithi wetu wenyewe, ambao naona unasahaulika pindi neno "mtandao" linapotajwa. Katika mikutano yao ya 1973 na 1976, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki kupitia AMECEA, shirikisho la mabaraza yao, waliamua kwamba kanisa lijengwe kuanzia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Walutheri wa Tanzania nao wana jumuiya zao za mitaani, na makanisa mengi ya kipentekoste yana vikundi vya nyumbani. Anayezifahamu jumuiya hizi anajua zinavyoendeshwa. Viti vya plastiki vinapangwa uani, kwa zamu, leo kwa mama huyu na wiki ijayo kwa mzee yule. Neno linasomwa, watu wanachangia, sadaka inahesabiwa hadharani. Na pembeni amekaa katibu na daftari la mistari lenye safu ya majina na safu za tarehe. Akiweka alama ya kutokuwepo mara mbili mfululizo kwenye jina moja, mwenyekiti anauliza, "Mama Neema yuko wapi?" Wawili wanatumwa kwenda kumwona.

Daftari hilo ndilo linalokosekana mtandaoni. Ukurasa wa Facebook utamwambia mchungaji kwamba watu elfu tatu wametazama, na hautamwambia kwamba Mama Neema hakuwemo. Elfu tatu hao wanaweza kuwa waliosimama sekunde chache wakapita. Mchungaji akizoea kuangalia namba hiyo kila Jumapili jioni, ataanza kuhubiri kwa ajili yake, na mahubiri yatabadilika taratibu: vichwa vikali zaidi, ahadi kubwa zaidi, ugomvi na watumishi wengine. Hili tumeliona, na linaumiza.

Basi tuingie mahali ambapo Wakristo wengi wanaozungumza Kiswahili wanakutana hasa mtandaoni, yaani grupu la WhatsApp. Tazama usiku mmoja wa kawaida katika grupu la usharika lenye watu mia tatu. Saa tatu na nusu mwanamke mmoja anaandika: "Bwana Yesu asifiwe. Naomba mniombee, kesho asubuhi naingia chumba cha upasuaji." Zinafuata "Amina" kumi na mbili, mikono ya kuomba, "Mungu ni mwaminifu mpendwa". Dakika sita baadaye mtu anatuma picha yenye maua na mstari wa Biblia. Mwingine anatangaza vitenge vya jumla. Kisha inaingia video ndefu ya mhubiri wa nchi nyingine, halafu ujumbe wa onyo unaotaka usambazwe kwa watu ishirini. Kufikia saa nne ombi la yule mama limekwenda juu kabisa, halionekani tena. Asubuhi anaingia chumba cha upasuaji, na hakuna aliyempigia simu.

Hakuna mtu mbaya katika usiku ule. Waliosema Amina walimaanisha. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepewa jukumu. Katika watu mia tatu kila mmoja anadhani mwenzake atapiga simu, na mchungaji anadhani wazee wameona. Ukubwa wa grupu ndio unaozaa hali hiyo. Kwa miaka kadhaa WhatsApp ilikuwa na kikomo cha watu 256. Mwaka 2022 kikomo kikapanda hadi 512, kisha 1,024. Makanisa mengi yalishangilia na kuunganisha magrupu yao. Kwa matangazo ni sawa. Kwa uchungaji ni kurudi nyuma. Yethro, mkwewe Musa, alishaliona hilo katika Kutoka 18, alipomshauri Musa aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Namba ya mwisho ndiyo muhimu hapa.

Mpangilio ambao kwa maoni yangu unafaa ni huu. Kanisa liwe na grupu moja kubwa la matangazo ambamo viongozi pekee wanaandika: saa ya ibada, msiba, harusi, mabadiliko ya ratiba. Libaki hivyo, kimya na safi. Mazungumzo, maombi na vilio viende kwenye magrupu madogo ya watu kumi hadi ishirini, ikiwezekana yakifuata jumuiya za mitaani zilezile ambazo watu wanazo tayari, ili anayeandika usiku awe jirani anayeweza kufikiwa kwa miguu asubuhi. Kila grupu dogo liwe na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina na kuombewa mbele ya kanisa kwa kazi ya kuangalia nani amenyamaza. Kila wiki apitie majina. Aliyenyamaza wiki mbili anapigiwa simu, simu ya sauti, si ujumbe. Ombi zito likiingia, yeye ndiye anayejibu kwanza: "Dada, nimeona. Hospitali gani? Nani anakusindikiza?" Maswali hayo mawili yana uzito kuliko Amina arobaini.

Mchungaji mwenyewe hawezi kuwa ndani ya magrupu yote hayo akabaki mzima. Akutane na wale waangalizi, kwa simu au kwa miguu, na awachunge wao. Wapo watumishi wanaojibu ujumbe saa saba za usiku, wakiogopa tiki za bluu zisije zikasema kwamba wamesoma na kunyamaza, na wake zao na waume zao ndio wanaolipa gharama. Kutangaza saa za kupatikana si ukosefu wa upendo. "Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, kwa dharura piga namba ya mzee wa zamu." Waumini wakiambiwa mapema, wengi huelewa.

Ujumbe wa sauti unastahili neno lake peke yake. Katika jamii zetu, ambako mzee anaweza kuwa na hekima tele na macho yasiyoona herufi ndogo, sauti inafika mahali maandishi hayafiki. Mchungaji akirekodi sala ya dakika moja na nusu, akamtaja mgonjwa kwa jina, ujumbe ule utachezwa mara nyingi kando ya kitanda, na ndugu waliokuja kutazama watausikia. Pia haumalizi bando. Hili si jambo dogo: anayemtaka mama lishe ajiunge na mkutano wa video wa saa nzima kila Jumatano anamwomba fedha, hata kama hatamki neno sadaka. Kwa wengi, sauti fupi na andiko la kusoma katika Biblia ya kwenye simu vinatosha kuendesha somo la wiki nzima, kila mmoja akijibu anapopata nafasi kati ya kazi na kazi.

Siri za watu ndizo zinazovunja magrupu mengi. Mtu anaandika, "Tumwombee ndugu yetu fulani, amepimwa akakutwa na ugonjwa," na kabla ya alfajiri habari imefika kazini kwa huyo ndugu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinazihesabu habari za afya na imani ya mtu kuwa taarifa nyeti. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mhudumu anajua maana ya kutunza neno. Kanuni iwe moja na isemwe wazi: hakuna anayeandika habari ya ugonjwa, ndoa au deni la mwingine bila ruhusa ya mwenyewe. Mchungaji akiivunja yeye kwanza, hakuna atakayeishika.

Kuhusu sakramenti niseme kwa kifupi, maana makanisa yana misimamo yao. Kwa Wakatoliki jibu lilitolewa mwaka 2002 katika hati ya Vatikani kuhusu Kanisa na intaneti: hakuna sakramenti mtandaoni. Padri anaweza kumshauri mtu kwa simu, ila hawezi kumwondolea dhambi kwa simu. Miongoni mwa Waprotestanti wapo waliobariki meza ya Bwana nyumbani kwa watu kupitia skrini wakati wa korona, na wapo waliokataa katakata. Ninachokiona ni kwamba misimamo yote miwili inamdai mhudumu aende. Aliyekataa anapaswa kupeleka mkate kwa mgonjwa. Aliyekubali anapaswa kujua kama huyo mgonjwa alikuwa na mkate.

Wapo watu, hata hivyo, ambao kwao mtandao si nyongeza ya kanisa la mtaani. Ndilo kanisa pekee walilo nalo. Nawafikiria dada zetu kutoka Kenya na Uganda wanaofanya kazi za nyumbani Saudi Arabia. Nchi ile haina kanisa hata moja, na ibada ya hadharani isiyo ya Kiislamu hairuhusiwi. Oman na Falme za Kiarabu yako makanisa, Muscat na Dubai kwa mfano, yaliyojengwa kwenye viwanja vilivyotolewa na watawala. Lakini binti anayelala kwenye nyumba ya mwajiri bila siku ya mapumziko hayafikii. Anacho chumba kidogo, simu, na pengine nusu saa baada ya kuosha vyombo vya chakula cha usiku. Saa ya Riyadh na ya Nairobi ni moja, kwa hiyo mchungaji wa nyumbani hana udhuru wa tofauti ya saa.

Kwa binti huyo, mhudumu lazima abadili mazoea yake. Asimtake awashe kamera. Asiweke hadharani picha ya skrini yenye sura na majina ya washiriki, kwa sababu sifa ya huduma yake inaweza kumletea mwenzake balaa. Asipange ibada ya saa mbili. Apange ya dakika ishirini, na irekodiwe kwa sauti. Ajue namba za ubalozi na za ndugu wa binti huyo nyumbani, maana siku moja ombi la sala litakuwa ni ombi la kuokolewa: hajalipwa, amepigwa, pasipoti imefichwa. Kundi la sala la aina hii linaweza kuwa watu pekee duniani watakaogundua kwamba amenyamaza siku tatu. Kwangu mimi hapa ndipo huduma ya mtandaoni inapofikia heshima yake kamili, na ni mahali ambapo hakuna namba ya watazamaji itakayoonekana kamwe.

Hali ya walioko Marekani na Ulaya ni tofauti. Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma wameanzisha sharika za Kiswahili katika miji ya ugenini, mara nyingi wakiazima jengo la kanisa la wenyeji. Wana mahali pa kukutana. Wanachokosa ni wale walioachwa nyuma. Mkutano wa sala wa saa tatu usiku Dar es Salaam ni mchana kweupe Minneapolis, watu wako kazini. Waliofanikiwa hupokezana: wiki hii muda unawafaa wa huku, wiki ijayo wa kule. Na msiba ukitokea, kurusha mazishi ya kijijini mubashara ili mtoto aliyeko Ohio amwone mama yake akishushwa kaburini ni tendo la uchungaji, mradi mchungaji amkumbuke huyo mtoto kesho yake, wageni wakishaondoka na skrini ikizimwa.

Sasa upande wa hatari, ambao haupaswi kupitwa haraka. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie, anayeshtakiwa katika kesi hiyo na aliyekana mashtaka, alikuwa na kituo cha televisheni, na mahubiri yake yalipatikana YouTube. Wafuasi walitoka sehemu mbalimbali za Kenya, wengine wakiacha kazi na kuuza mali. Wanaosema mtandao hauwezi kujenga uhusiano wa kina waitazame Shakahola: sauti iliyo mbali yaweza kumshika mtu hadi amwache mama yake mzazi. Kwa hiyo swali haliishii kwenye kuunganisha watu. Wanaunganishwa na nani, na huyo naye anawajibika kwa nani?

Dalili za hatari zinajulikana. Mhubiri hana askofu, baraza wala wazee wanaoweza kumkanya. Anawataka wasikilizaji waachane na kanisa la mtaani. Anawafundisha kuwaogopa ndugu, daktari na shule. Maswali yanafutwa na muulizaji anaondolewa kwenye grupu. Mhudumu mwaminifu afanye kinyume chake, tena hadharani: aandike yuko chini ya nani, malalamiko yapelekwe wapi, na kila anayejiunga kutoka mbali aulizwe, "Unaishi wapi? Tukutafutie kanisa la karibu," hata kama kanisa hilo si la dhehebu lake. Kumpa jirani kondoo uliyemleta wewe ni jambo gumu kwa mwenye kurasa kubwa. Ndicho kipimo kizuri cha nia yake.

Fedha nazo. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, sadaka imeingia kwenye simu, na limekuwa jambo jema kwa mgonjwa na aliye safarini. Lakini matapeli wanafungua akaunti zenye picha na jina la mchungaji, wanaingia inboksi za wajane, wanaahidi maombi maalumu kwa "sadaka ya mbegu". Kanisa litumie namba moja ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, isomwe kila Jumapili, na mchungaji aseme tena na tena: sitakuomba fedha kwa ujumbe wa faragha. Na asiombe. Inboksi hiyohiyo inahitaji mipaka mingine pia. Mhudumu mwanamume asibaki na mazungumzo marefu ya usiku na binti wa kidato cha tatu, hata kama yanahusu Biblia tupu. Awepo mama wa kanisa anayeyaona. Wazazi wana haki ya kudai hivyo.

Mambo haya yote yanahitaji watu waliofundishwa na saa zilizotengwa, kuliko yanavyohitaji kamera. Kwa hiyo ombi langu naliweka kwa maaskofu, wakuu wa majimbo na mabaraza ya wazee wanaopokea taarifa za mwaka kutoka parokia na sharika. Ondoeni kwenye fomu ya taarifa hizo safu ya idadi ya wafuasi wa kurasa. Mahali pake wekeni tatu: ni waangalizi wangapi wa magrupu madogo wamefundishwa na majina yao ni yapi; ni wangapi waliojiunga kwa mtandao wametembelewa au kukabidhiwa kanisa la karibu; na wagonjwa wangapi walioomba sala kwenye simu walipigiwa simu kabla ya siku kwisha. Kisha tengeni fungu la muda wa maongezi na bando kwa hao waangalizi, kama mnavyotenga la mafuta ya gari la mchungaji.